Lifunze Sikio Kabla ya Kusahihisha Ulimi

Mtu mzima aliyelelewa kwa Kikikuyu akisema "tunakura ugari", watu hucheka, kisha humtaka arudie, naye akirudia kosa hubaki palepale. Nimefundisha Kiswahili watu wazima jijini Nairobi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kumlazimisha mtu arudie sauti ambayo bado hajaisikia ni kumwonea. Kikikuyu kina /r/ lakini hakina /l/, kwa hiyo sikio lake tangu utotoni limezoea kuziweka sauti hizo mbili katika fungu moja. Kwa Msukuma mambo ni kinyume, kwa kuwa lugha yake ina /l/ na haina /r/.

Mazoea haya huanza mapema mno. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha kuwa watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa katika familia za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzitofautisha, lakini walipokaribia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umefifia. Hata sisi tunaojiona wenyeji wa Kiswahili hatujasalimika: Mswahili wa Mombasa hutamka paa la nyumba bila mpumuo, yaani bila kusukuma pumzi baada ya /p/, na paa mnyama kwa mpumuo, na wengi wetu wa bara hatuoni tofauti yoyote.

Ndiyo maana darasani kwangu mwanafunzi hunyamaza kwanza. Nasimama nyuma yake asione midomo yangu, nasema "kura" au "kula", naye anainua mkono wa kulia au wa kushoto bila kutamka lolote, nami namwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Akishaizoea sauti yangu, naleta sauti nyingine: ya mama wa makamo kutoka Lamu, ya kijana wa Dar es Salaam, ya mtoto, zote nilizozirekodi kwa simu. Hatua hii haifai kurukwa, kwa sababu aliyezoea msemaji mmoja huzitofautisha sauti hizo kwa msemaji huyo tu. Utafiti uliofanywa kwa Wajapani wanaojifunza /r/ na /l/ za Kiingereza ulitumia njia hiyohiyo ya wasemaji wengi, na mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha kuwa mafunzo ya kusikiliza peke yake yaliboresha hata matamshi yao. Kwangu mimi hilo linatosha kuacha kuwakaripia watu.

Maneno ya zoezi yachaguliwe kwa kufuata lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Mjaluo, ambaye lugha yake haina /sh/, mpe "suka" na "shuka"; asiyezoea /th/ mpe "thamani" na "samani".

Lugha ya kwanza pia ni mtaji, na mwalimu asiyeutumia anapoteza muda wa mwanafunzi. Mkikuyu anayesema mũndũ na andũ hahitaji kuelezwa kwa nini mtu huwa watu na kwa nini kivumishi nacho hubadilika. Anahitaji kuonyeshwa viambishi vyenyewe tu. Mjaluo, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hiyo, atahitaji wiki kadhaa za upatanisho wa kisarufi, na ni haki yake kupewa wiki hizo bila kulinganishwa na jirani yake wa dawati.