Glavu zamu nzima?

SWALI: Shikamoo dada. Nauguza wagonjwa wa korona. Msimamizi hunikemea nikivaa glavu zilezile zamu nzima. Si ndiyo kujikinga?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msimamizi yuko sahihi. Glavu za mgonjwa wa kwanza zikigusa kitanda cha pili, umempelekea vijidudu wewe mwenyewe. Vua, kisha takasa mikono kwa kitakasa mikono chenye spiriti, sekunde 20 hadi 30. Ikiwa na uchafu unaoonekana, nawa kwa sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60.

Mimi huogopa zaidi kuvua kuliko kuvaa, maana hapo ndipo tunapojipaka. Shika glavu kwa nje, karibu na kifundo, ivute ijigeuze ndani nje. Ya pili, penyeza kidole upande wa ndani. Takasa tena. Halafu gauni, miwani, na barakoa mwisho kabisa, ukiwa nje ya chumba, kwa kushika kamba tu.

Na chumba cha chai, jamani! Barakoa chini, tumebanana tunapiga soga, kana kwamba virusi navyo viko mapumzikoni. Fungueni madirisha, mle kwa zamu. Ukiamka na homa, piga simu, usije kazini.