Oili ya injini iliyotoka oveholi: mineral au sintetiki?

Mkuu umeuliza uweke oili gani baada ya oveholi (injini kufunguliwa na kutengenezwa upya): kwa hiyo injini ya dizeli ya Hiace inayoitwa 5L uliyoweka ringi mpya za pistoni, usianze na sintetiki (oili iliyotengenezwa kwa kemikali kiwandani) hata muuza spea akuimbie vipi, weka mineral (oili ya kawaida itokanayo na mafuta ghafi) ya injini za dizeli, ya uzito wa 15W-40, ringi zinatakiwa zisuguane kidogo na silinda mpaka zikae vizuri, sintetiki inaweza kuzichelewesha alafu gari ikaanza kula oili. Na hiyo uliyosema ya fundi kuiacha injini inaunguruma gari imesimama masaa mawili ati inalainika, hapana, ringi zinasukumwa kwenye silinda na presha ya moto wa injini ikifanya kazi kwahiyo iendeshe, badilisha badilisha mwendo, panda vilima ila usijaze abiria kwanza. Kilomita 500 mwaga oili na filta toa, ukiona vumbi la chuma kawaida, ukiona vipande rudi gereji. Sintetiki baada ya kilomita elfu tano, kama hailambi oili.