Maswali ya Wasomaji: Kamisheni Yangu Imepotelea Wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, nimejiunga na mpango wa kamisheni wa duka moja kubwa la mtandaoni la Marekani, nami huchambua kamera kwenye Instagram na kuweka kiungo changu. Rafiki yangu anayeishi London alikifungua Jumamosi kwa simu, akajipa muda wa kufikiri, kisha Jumatano akanunua kamera ileile kwa kompyuta. Risiti amenitumia, lakini kwenye akaunti yangu sijaona hata senti. Je, nimedhulumiwa? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kama umedhulumiwa. Duka halina namna ya kujua kwamba ni wewe uliyemshawishi mnunuzi. Linachokiona ni alama iliyoachwa ndani ya kivinjari fulani (programu ya kufungulia tovuti) kwenye kifaa fulani, na alama hiyo hupotea kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani wanapojiunga.

Nitatumia mfano wa Amazon, ambayo ilianzisha mpango wake mwaka 1996 na ambayo masharti yake yanasomeka na yeyote. Ukitazama kiungo cha mshirika, yaani mtu aliyejiunga na mpango kama wewe, wa duka lao la Marekani utakuta maandishi kama «tag=kamerayangu-20», na hayo ndiyo yanayokutambulisha. Mtu anapobonyeza, seva ya duka, yaani kompyuta inayoendesha tovuti yake, huyasoma na kuweka kidakuzi, ambacho ni faili dogo linalotunzwa na kivinjari na kurudishwa dukani kila ukurasa mwingine wa duka hilo unapofunguliwa. Akilipa wakati kidakuzi kingali hai, oda huandikwa kwa jina lako, hata kama alichonunua si kamera bali sufuria. Uhai wenyewe ni saa 24 tu, isipokuwa bidhaa ikiwa imewekwa kikapuni ndani ya saa hizo, kwani hapo haki yako huendelea hadi kikapu kiishe muda wake, ambao kwa kawaida ni siku 90.

Sasa mfuatilie rafiki yako hatua kwa hatua. Kati ya Jumamosi na Jumatano saa 24 zilikwisha zamani, na hata kama duka lako hutoa siku 30, kidakuzi kilibaki kwenye simu ilhali malipo yalifanywa kwa kompyuta. Isitoshe, kiungo kinachobonyezwa ndani ya Instagram mara nyingi hufunguka katika kivinjari cha programu hiyohiyo, ambacho hutunza vidakuzi vyake peke yake. Kwa hiyo hata angeendelea kwa simu ileile, lakini kwa Chrome au Safari, duka lingemwona kama mgeni. Tena mtu wa London huelekea kununua katika duka la Uingereza, ambalo kwa Amazon lina usajili wake na alama zinazoishia kwa -21, hivyo alama ya Marekani haina kazi huko.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja. Mipango mingi humpa kamisheni yote mwenye kiungo kilichobonyezwa mwisho, kama dalali aliyekuonyesha nyumba tano akanyimwa chake kwa sababu mwingine ndiye aliyekuwepo siku ya kukabidhiwa funguo. Mnunuzi akipita kwenye tovuti ya kuponi za punguzo na kubonyeza kiungo chake dakika moja kabla ya kulipa, jina lako linafutwa. Mimi nauona utaratibu huu si wa haki, lakini ndio uliomo katika mikataba. Wapo pia wanaopachika vidakuzi kwa watu ambao hawakubonyeza chochote, na huo ni wizi: mwaka 2014 washirika wawili wakubwa wa eBay walihukumiwa kifungo nchini Marekani kwa udanganyifu wa aina hiyo.

Wahimize wafuasi wako waiweke bidhaa kikapuni palepale, na ujisajili pia katika duka la nchi wanakoishi. Usijaribu kiungo kwa kujinunulia mwenyewe, maana Amazon hukataza.

Swali: Ninauza khanga mtandaoni na nataka kuwalipa kamisheni wanaonitangazia. Nianzie wapi? *Mama Khanga, Mombasa*

Jibu: Dada, anza na msimbo wa punguzo, mmoja kwa kila mtangazaji, kwa sababu mteja huuandika mwenyewe hata akiagiza kwa WhatsApp, na hautegemei kidakuzi chochote.

Ukitaka viungo pia, mwambie fundi wako asitegemee kamisheni ihesabiwe pale ukurasa wa shukrani, ule unaoonekana baada ya kulipa, unapofunguka. Mteja wa M-Pesa huweka namba ya siri, hupokea ujumbe wa malipo, kisha hufunga simu bila kurudi kwenye tovuti, na ukurasa huo haufunguki kamwe. Namba ya bonyezo, yaani ile inayoonyesha ni kiungo cha nani kilichobonyezwa, ihifadhiwe ndani ya oda tangu mwanzo, na kamisheni ihesabiwe taarifa ya malipo inapoifikia seva yako. Kidakuzi nacho kiwekwe na seva, kwa kuwa Safari hufuta baada ya siku 7 vile vinavyowekwa na programu za ndani ya ukurasa, na katika hali fulani mapema zaidi. Walipe watangazaji baada ya muda wa kurudisha bidhaa kupita, na sharti hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla ya tangazo la kwanza kutoka.