Bredauni Iliyoliwa na Kutu: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: bredauni (gari la kuvuta magari yaliyoharibika) kuukuu iliyotelekezwa uani, na mwenye nayo anataka irudi kazini. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ndugu mafundi, salaam. Nimenunua Land Rover 109 Series III ya petroli, pikapu, yenye kreni ya kuzungusha kwa mkono nyuma. Imekaa chini ya mwembe karibu na bahari zaidi ya miaka 10. Bodi inaonekana nzima. Jirani yangu ananishauri nianze na rangi ili isizidi kuoza. Je, nianzie wapi?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu yetu, pole na hongera kwa pamoja. Rangi iwe kazi ya mwisho. Bodi ya gari hilo inakudanganya: ni ya aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana inaonekana nzima. Chuma kiko chini. Chesisi yake, yaani fremu inayobeba gari zima, imetengenezwa kwa mabati ya takriban milimita 2 yaliyochomelewa pembe nne hadi yakawa kama bomba la mraba. Maji ya mvua, tope na chumvi vikiingia humo havitoki, na bati linaliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu dogo kama punje ya mchele, jua ndani yake pana uozo wa kiganja kizima.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi nene, ulale chini ya gari. Gonga kila baada ya sentimita 5, hasa upande wa chini wa chesisi, maana juu huwa pazima. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu na unga mwekundu unadondoka. Penye mashaka, sukuma bisibisi kwa nguvu. Usione huruma: ikipenya leo uani ni heri kuliko chesisi kukatika siku gari la mtu linaning'inia. Kagua zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba ukuta wa mbele wa kebini, mahali springi zinaposhikwa, na juu ya tangi la mafuta, ambako tope hukaa mwaka mzima. Weka alama kwa chaki kila penye kasoro kabla hujakata chochote.

Tangi la petroli litoke kabla ya cheche yoyote. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kilichobaki ndani ni mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usilichomelee nyumbani hata kama umeliosha. Chomoa waya za betri, na za altaneta pia.

Sasa kukata. Kosa kubwa kuliko yote ni kubandika bati jipya juu ya kutu. Kiraka kitaonekana imara, lakini kimeshikwa na chuma kilichokwisha, na ndani ya miaka miwili kitabanduka na pembe zake. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe kinachong'aa, kisha ongeza sentimita 3 kila upande. Tumia bati la milimita 2. Kama mashine yako ya kuchomelea ni ya fimbo, fimbo ya milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 80 inatosha. Zaidi ya hapo utatoboa. Choma vipande vya sentimita 2 au 3, ruka upande wa pili, rudi baadaye. Ukivuta mstari mmoja mrefu chesisi itapinda kwa joto.

Kabla ya kukata sehemu kubwa, egemeza chesisi kwenye stendi nne zilizosawazishwa na uishike kwa vyuma vya pembe vilivyochomelewa kwa muda. Pima kwa ulalo, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3 au 4, simama urekebishe. Rekebisha upande mmoja ukamilike ndipo uguse wa pili.

Kuna sehemu moja inayokuhusu wewe kuliko mwenye Land Rover ya kawaida, nayo ni miguu ya kreni. Mara nyingi mafundi waliichomelea moja kwa moja kwenye bati la chesisi. Bati la milimita 2 halikuumbwa kubeba hivyo: linachanika pembeni mwa mchomeleo, na ufa unajificha chini ya rangi. Fanya hivi. Weka sahani ya chuma ya milimita 10 juu ya chesisi na nyingine chini yake. Toboa, na ndani ya kila tundu pitisha kipande cha bomba nene kilichokatwa kwa urefu sawasawa na kimo cha chesisi, ukichomelee juu na chini. Ndani ya bomba hilo pitisha bolti ya M12 (unene milimita 12) yenye alama 8.8 kichwani, yaani ya chuma kigumu. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi Nm 80 hivi. Bila hilo bomba, ukikaza nati unaiponda chesisi kama kopo la maziwa, na nati italegea tena kesho.

Ukimaliza, acha matundu ya milimita 10 sehemu za chini ili maji yatoke. Chukua nusu kilo ya grisi na lita moja ya oili nzito ya gia, vitie kwenye kopo na ulipashe ndani ya sufuria ya maji moto (usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja), koroga hadi vichanganyike, kisha unyunyize ndani ya chesisi yote. Hozi za breki na bushi za mpira zifunike, maana oili huzivimbisha.

Ndipo tuje kwenye rangi, na kwa kuwa uko Tanga, chumvi ndiyo adui yako. Ukipiga msasa na kupaka bila kuosha, chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu itavuta unyevu na rangi itavimba malengelenge. Piga brashi ya waya, osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, piga tena, osha tena. Paka siku ileile. Hewa ya pwani inarudisha kutu kabla ya jioni. Kwa chuma tumia praima (rangi ya kwanza) ya epoksi, tabaka mbili. Ile praima nyekundu ya kawaida inapitisha maji, kwa hiyo usiiache peke yake masika yote ukingoja fedha za rangi ya juu. Kwa aluminiamu tafuta praima yake maalumu, ile nyekundu itabanduka kama ganda la kitunguu. Na popote aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe: ni metali mbili zinazolana kwa msaada wa maji ya chumvi. Paka nyuso zote mbili, weka silanti katikati, ndipo ufunge bolti.

Habari za kazi. Injini ya bredauni yangu, Land Rover ya petroli ya lita 2.25, imeshika kabisa, haizunguki. Vijana wanataka tuifunge kamba ivutwe na lori huku ikiwa kwenye gia. Mnasemaje?
*Msomaji, Nakuru*

Msiivute. Mkifanya hivyo pistoni itapasuka, au ringi itavunjika na kuchana silinda, na kazi ya siku chache igeuke kuwa ya injini nzima.

Toa plagi zote nne. Changanya oili ya gia otomatiki na thina, nusu kwa nusu, mimina mililita 50 kila silinda, ziba kwa kitambaa. Ngoja siku 5, ukiongeza kidogo kila siku. Injini hii ina bahati ya kuwa na hendeli ya kuwashia kwa mbele. Itumie kuisukuma taratibu kwenda na kurudi. Usilazimishe upande mmoja tu. Ikisogea hata nusu sentimita, umeshashinda; rudia.

Ikishazunguka, usikimbilie kuiwasha. Fungua kifuniko cha juu uzungushe kwa mkono huku ukitazama valvu. Iliyonata haitapanda na zenzake, na ukiwasha hivyo utapinda fimbo yake ya kusukumia. Ipake oili, igonge polepole kwa nyundo ya mbao hadi iachie. Mwaga oili ya zamani, shusha sampo (beseni la oili chini ya injini) usafishe tope lake, weka chujio jipya. Injini inakula lita 6, na karibu lita 6.85 pamoja na chujio, 20W-50 inaifaa. Nafasi ya tapeti (kwenye valvu) iwe milimita 0.25, ya pointi za distributa milimita 0.35 hadi 0.40, na mpangilio wa silinda kupata moto 1-3-4-2. Zungusha kwa stata ukiwa umetoa plagi hadi taa ya oili izime. Jikinge uso: mchanganyiko uliobaki utaruka kupitia matundu ya plagi kwa nguvu.

Kreni yangu na ndoano yake vimejaa kutu. Nimesikia naweza kuvisafisha kwa umeme wa betri na magadi. Ni kweli? Na waya wa winchi, nikiupaka grisi si utafaa?
*Msomaji, Morogoro*

Ni kweli, ila si kwa kila kitu. Chukua beseni la plastiki, maji, na gramu 50 hivi za magadi ya kufulia kwa kila lita 10. Kifaa chenye kutu kifungwe upande wa hasi wa chaja ya volti 12, na vyuma chakavu vya kawaida vizunguke beseni upande wa chanya bila kugusana nacho. Ampea 2 hadi 5, kwa saa 12 hadi 24, kisha sugua kwa brashi. Fanyia nje, kwa sababu povu lile ni haidrojeni na inashika moto. Chumvi ya mezani usiweke, inatoa gesi ya klorini. Chuma cha pua kisiwe upande wa chanya, maji yake yatakuwa sumu. Aluminiamu isiingie humo hata dakika moja.

Ndoano, minyororo na springi pia visiingie. Hivi ni chuma kigumu, na haidrojeni ikipenya ndani yake inakifanya kiwe chepesi kuvunjika bila dalili yoyote ya nje. Visugue kwa brashi ya waya tu. Kwa gia za winchi na vikapi, wewe wa Morogoro uko karibu na viwanda vya sukari: molasi sehemu 1 kwa maji sehemu 9, loweka wiki mbili, suuza, kausha, paka oili papo hapo. Inanuka, lakini haili chuma kizima.

Ndoano ikaguliwe mdomo. Ikiwa umefunguka kuliko ulivyokuwa, au ina ufa, itupwe. Isipashwe moto ili kuirudisha, wala isichomelewe.

Kuhusu waya, hapana, ndugu. Waya ulioshika kutu unanunuliwa mpya. Kutu ya ndani, katikati ya misokoto, huioni, na grisi inaificha zaidi. Waya mpya wa milimita 10 ukifungwa vizuri tuupe kazi ya tani moja, ingawa kukatika kwake ni zaidi ya tani 5. Tofauti hiyo ndiyo roho ya mtu. Kwenye jicho la ndoano weka klipu tatu, zikiachana milimita 60. Tandiko la klipu likae upande wa waya unaobeba mzigo, na ile bolti ya umbo la U ibane mkia. Ukigeuza, bolti inauponda waya unaobeba. Kaza tena baada ya mzigo wa kwanza. Mizunguko 3 ibaki kwenye ngoma daima, hata waya ukiwa umeshuka hadi mwisho.

Jaribu kreni kabla ya kuikabidhi gari la mtu. Pipa la lita 200 likijaa maji lina kilo 220 hivi pamoja na uzito wake. Anza na moja, kisha mawili, kisha matatu. Inua sentimita 10 tu kutoka ardhini, ngoja dakika 10, tazama kama kidole kinachozuia gia ya winchi kinateleza na kama miguu ya kreni inasogea. Asisimame mtu kwenye mstari wa waya.

Nikinyanyua gari, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Nimekwisha badilisha breki zote lakini pedali nayo ni laini. Je, vinahusiana?
*Msomaji, Mombasa*

Ni mambo mawili. Usukani kwanza. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, gari linakuwa kama pembea. Tuseme ndoano ina kilo 600 na iko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Umbali kati ya ekseli za 109 ni mita 2.77. Zidisha 600 kwa 1.2, gawanya kwa 2.77, unapata 260: hizo ndizo kilo zinazoondoka mbele, na nyuma kunaongezeka 860. Ukivuta mkono wa kreni hadi mita 0.9, mbele unapoteza 195 tu. Pima ekseli ya mbele kwenye mizani bila mzigo. Wavutaji wa Marekani na kwingineko wana kanuni kwamba mbele ibaki angalau nusu ya uzito huo, nasi tunaikubali. Sogeza mzigo karibu au punguza uzito. Usitafute nafuu kwa kuweka matofali kwenye bampa ya mbele: yanaongeza mzigo kwa breki zilezile.

Pedali laini kwenye gari hili mara nyingi ni upepo uliobaki kwenye silinda za magurudumu. Kaza virekebishi vya breki zote (bolti zinazosogeza viatu vya breki) hadi magurudumu yasizunguke, ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali), yaani la nyuma kushoto kwa usukani wa kulia. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kopo jipya, kwani lililofunguliwa muda mrefu limeshanyonya maji. Kisha legeza virekebishi hadi gurudumu lizunguke huku likigusa kidogo. Vumbi la breki za zamani lina asbesto, kwa hiyo lioshe kwa maji na usilipulize. Pedali ikiwa bado laini, kagua hozi tatu za mpira: mtu akikanyaga, shika kila moja kwa mkono, na inayovimba ndiyo ya kubadilisha.