Kabla Hujanunua Pedi Nyingine za Breki, Fungua Kalipa

Jumamosi iliyopita nilimaliza kufungua na kufunga kalipa zote mbili za mbele za Toyota Fielder yangu, yaani vile vibanio vinavyobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, hapa hapa uani kwetu Kasarani. Jioni ile ile kijana mmoja akaniandikia: "Kaka, nimebadilisha pedi mara mbili tangu Krismasi na gari bado linavuta kushoto. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe huo mikono ikinuka mafuta ya breki, moyo ukanipasuka. Kijana huyo ni mimi wa juzi.

Kwa miezi minane nilibadilishiwa pedi mara tatu katika gereji niliyoiamini. Kila mara naonyeshwa pedi iliyolika, nalipa 4,500, naondoka. Mara ya tatu, mwezi uliopita, nilikuwa nateremka kuelekea Mai Mahiu na mama na wanangu wawili nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Pedali ikalegea. Nilipunguza mwendo kwa gia na breki ya mkono, tukasimama karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Gurudumu la kushoto lilikuwa linafuka moshi. Mama hakusema neno. Alishuka, akaketi juu ya jiwe, akawashika wajukuu wake mikono.

Niliporudi gerejini kuuliza, niliambiwa mbele ya wateja, "Mwalimu, wewe fundisha, magari tuachie." Neno hilo linaniuma hadi leo.

Basi nikafungua mwenyewe. Pedi ya ndani ilikuwa imelika hadi kwenye chuma, ya nje bado nene. Ukiona hivyo, shida haiko kwenye pedi. Ndani ya kalipa mna pistoni iliyozungukwa na raba. Ukikanyaga breki, pistoni inasukumwa nje na raba inajipinda nayo. Ukiachilia, raba inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo, pedi inaachia diski. Raba ikichoka au pistoni ikishika kutu, hairudi. Pedi inasugua diski safari nzima, mafuta ya breki yanachemka, na mvuke ukishaingia kwenye mfumo, mguu wako unabana mvuke tu.

Raba nilizipata Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri vya magari jijini Nairobi, pakiti ya pande mbili 1,200. Pistoni niliitoa kwa kukanyaga pedali polepole kabla ya kufungua mpira wa mafuta ya breki, nikiwa nimeweka kipande cha mbao mbele yake. Kofia yake ya vumbi ilikuwa imechanika, na pale pale palipochanika palikuwa na doa la kutu mfano wa punje ya mchele, limechimba hadi kucha inakwama. Pistoni ya namna hiyo usiisugue kwa msasa ukairudisha. Nunua nyingine.

Ndugu zangu, breki ni uhai wa watu uliowabeba. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Kalipa isining'inie kwa mpira wake, ifunge kwa waya. Raba ipake mafuta ya breki yenyewe. Grisi ya kawaida na petroli zinaivimbisha. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zisafishe, zipake grisi ya silikoni. Toa hewa yote kwenye mfumo wa breki, na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Kama hujawahi kabisa, mwite fundi akufungulie ukiwa umesimama hapo unatazama. Lakini kalipa ifunguliwe! Usikubali kuuziwa pedi juu ya kalipa iliyokwama.

Jumapili nilimrudisha mama kwa njia ile ile. Tulipofika chini nilisimama, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kushoto, kisha ya kulia. Joto lilikuwa sawa. Mama akateremsha kioo akaniuliza kama tunaweza kuendelea. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, twende."