Shangazi, nahudumu kanisani lakini moyo umepoa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, nimeolewa, tuna watoto watatu, tunaishi Arusha. Naimba kwaya ya usharika na ni katibu wa jumuiya yetu. Ahadi ya ujenzi tumeimaliza mwezi uliopita, ingawa tulijibana sana hadi mshahara wa dada wa kazi ukakwama miezi miwili. Jumapili tukitoka ibada ya pili tunakuta ameshapika, tunakula, maisha yanaendelea. Ila ndani nimekauka. Nikifumba macho kuomba, najikuta napanga mambo ya Jumatatu. Mahubiri nayasikia kama matangazo. Zamani nilikuwa nalia nikiimba. Nifunge? Niende mkesha? Au niache kwaya kwanza, nisije nikawa mnafiki?*
*Mama wa Arusha*

Marahaba, mwanangu. Mtu aliyepoa kabisa hasumbuki kuandika barua kama hii, kwa hiyo usijihukumu kwamba umekwisha.

Naomba nianze na huyo binti anayewapikia. Angalia alivyoingia kwenye barua yako: mara ya kwanza ni mshahara uliokwama, mara ya pili ni chakula kilichokwisha iva. Ibada ya kwanza inapita, ya pili inapita, yeye yuko jikoni anachambua mchele na kuunga nyama. Huenda naye alibatizwa. Huenda aliimba kwaya ya watoto kijijini kwao kabla hajaja kwenu. Je, umewahi kumuuliza anasali wapi?

Na ahadi ile, mwanangu, sehemu yake mmeilipa kwa fedha ya binti huyo. Najua neno hili linauma. Risiti ya mhazini ina jina lenu, lakini kuna mama mahali fulani anasubiri kutumiwa pesa kwa simu na haioni. Kumbukumbu la Torati 24 inataka kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, asije akamlilia Bwana. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana. Masikio hayo hayo ndiyo unayoyaimbia kila Jumapili.

Sisemi ukavu wote wa roho una chanzo kama hiki. Kuna ukavu wa uchovu, kuna wa msiba, kuna hata wa sonona, na ukiona usingizi na hamu ya kula vimekutoka, nenda hospitali bila aibu. Ila wewe umenionyesha jambo unalolijua na hujalitengeneza, nami siwezi kulirukia nikakuagiza mkesha.

Kanisa la Laodikia, lile lililoambiwa ni vuguvugu, lilikuwa katika mji wenye fedha na sufu nzuri. Tetemeko lilipoupiga mwaka 60 BK, uliinuka kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Roma. Ndiyo maana maneno ya Ufunuo 3 yanawagusa pale pale: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Naye Yesu yuko nje ya mlango wa kanisa lake mwenyewe, anabisha.

Tena ukitaka mfano wa karibu, wakumbuke walokole. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika kwetu kupitia Bukoba, uliwapata watu waliokuwa tayari kanisani, wengine watumishi. Walitubu mbele ya wenzao, kisha wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni. Walianza na kutengeneza, na furaha ikawakuta humo humo. Ninyi wa leo mnasubiri kwanza msisimko ndipo mtende, na hapo ndipo wengi mnapokwama.

Kwa hiyo zungumza na baba watoto usiku wa leo. Mshahara wa miezi yote miwili utoke kabla ya sadaka nyingine yoyote, hata kama itabidi mkope. Mkabidhi wewe mwenyewe, mwombe radhi kwa maneno yanayoeleweka, na watoto wawepo, maana walikuwepo alipokuwa halipwi. Usimwambie habari za moyo wako uliopoa. Hiyo siyo kazi yake kuiponya. Kisha mpangie siku yake ya mapumziko. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa saa 24 kila wiki, hiyo ni haki yake hata kama hataki kwenda kanisani. Jumapili pika wewe, au mle viporo.

Kuomba usiache. Omba kwa ufupi, na mtaje binti kwa jina lake, hata kama machozi hayaji.

Na kwaya, endelea nayo. Hujaniambia kwamba huyaamini unayoyaimba, kwa hiyo sioni unafiki hapo. Wiki ambayo hujalipa ndiyo ukae benchi.