Kumchoma mtoto mshipa wa pua: kinachofanyika kwenye kiti na wiki mbili za baadaye

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka 9, anayetokwa na damu puani mara tatu kwa wiki na sasa ameambiwa "achomwe mshipa": neno hilo lisikutishe. Hakuna moto wala kisu. Ni kijiti chenye dawa iitwayo silva naitreti kwenye ncha, mfano wa njiti ya kiberiti, na kugusisha kwenyewe ni sekunde chache. Yanayoharibu kazi hutokea kabla na baada ya hizo sekunde.

Muhina wa watoto, kama wazee wa pwani wanavyouita, karibu wote hutoka mahali pamoja: mbele kabisa, kwenye ukuta unaogawanya pua. Mishipa midogo kadhaa inakutana hapo chini ya ngozi laini, na hapo hapo ndipo kidole kinapofika. Hewa ya Dar ina unyevu, kwa hiyo usilaumu ukavu peke yake. Angalia kucha, aleji ya vumbi, na feni inayompiga usoni usiku kucha.

Kama hajatumia marhamu ya antibiotiki ya puani, kwa mtoto mimi ningeanza nayo: mara mbili kwa siku, wiki nne. Wengi huishia hapo bila kuchomwa. Kama mmeshajaribu na damu inarudi, nendeni.

Kwenye kiti mtoto hupenga kwanza damu iliyoganda itoke. Kisha pamba yenye lidokeni (dawa ya ganzi) na adrenalini, au lidokeni na dawa nyingine ya kubana mishipa, inakaa puani dakika 10. Hapa pana haraka nyingi sana. Dakika 2 hazitoshi, mtoto ataruka na kijiti kitagusa pasipotakiwa. Wenzangu mnaofanya kazi hii, pimeni uzito kwanza. Lidokeni ya asilimia 4 ina miligramu 40 kwa kila mililita, na mkikaa ndani ya miligramu 3 kwa kilo, mtoto wa kilo 25 hafiki hata mililita 2.

Pakeni mafuta ya mgando kwenye mdomo wa juu na ukingoni mwa tundu, maana dawa ikichuruzika huacha doa jeusi kwenye ngozi kwa siku kadhaa. Taa iwe ya kichwani ili mikono yote miwili iwe huru. Kwa mtoto tumieni kijiti cha asilimia 75, si cha 95; maumivu yake ni madogo kuliko ya kile cha 95. Anzeni pembeni mwa mshipa mkizunguka kuelekea katikati, maana ukianza na mshipa wenyewe unaweza kupasuka mbele ya macho yako. Sekunde 5 hadi 10, pakigeuka weupe wa kijivu, basi. Damu ikiwa bado inachuruzika usichome: inaiondoa dawa kabla haijafanya kazi, na unabaki kuchoma ngozi ya jirani isiyo na tatizo. Rudisha pamba, bana, subiri pakauke.

Na jambo moja ambalo dada unapaswa kulisimamia mwenyewe: upande mmoja tu kwa siku moja. Gegedu (mfupa laini) la katikati ya pua halina damu yake, linalishwa na utando wa pande zote mbili. Ukichoma kushoto na kulia mahali panapotazamana, gegedu linakosa chakula na linaweza kutoboka, na tundu hilo halizibi lenyewe. Upande wa pili usubiri wiki 4 hadi 6.

Nyumbani, marhamu mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, apakwe kwa kidole safi mlangoni mwa tundu, kisha pua ibanwe taratibu isambae. Asipenge kwa nguvu wiki nzima. Akipiga chafya, afungue mdomo. Siku mbili za mwanzo asinywe chai ya moto wala asicheze mpira. Kata kucha zote. Kigaga kitaanguka chenyewe. Kikichokolewa siku ya nne, mmeanza upya. Akiumwa mpe parasetamoli, siyo aspirini wala ibuprofeni.

Kuna watoto wasiopaswa kuchomwa kabla ya kuchunguzwa. Mwenye michubuko isiyo na sababu au fizi zinazovuja apimwe picha kamili ya damu. Pua ya upande mmoja inayonuka huenda ina kitu ndani. Kikiwa betri ya kitufe (ile ndogo ya duara) ni dharura ya saa hiyo hiyo. Mvulana anayebalehe, tundu moja limeziba na damu inamwagika nyingi, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa nyuma ya pua. Asikatwe kipande cha nyama cha kupima kwenye kliniki ndogo; aombewe rufaa, kupitia hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, hadi idara ya masikio, pua na koo Muhimbili.

Damu ikitoka usiku kabla ya siku ya kliniki, mkalishe ameinama mbele, bana sehemu laini ya pua, siyo mfupa, dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kuchungulia pua, na ateme inayoingia mdomoni. Ukimwinamisha nyuma ataimeza na kuitapika, nawe hutajua imetoka kiasi gani. Haijakata, rudia dakika 10 nyingine. Bado inatoka, mpeleke hospitali huku umeendelea kubana.